Kiti, viwiko na upepo wa mbisho

Mteja akiniuliza anunue baiskeli ipi, ya barabara au ya triathloni, simjibu papo hapo. Namwomba avae kaptula, apande baiskeli niliyoifunga kwenye kifaa cha mazoezi hapa karakanani, alaze viwiko kwenye vibao vyenye sponji, ashike zile pembe mbili zinazochomoza mbele ya usukani, kisha apige pedali. Mimi natazama saa. Wiki chache zilizopita alikuja kijana mmoja, mkimbiaji hodari, akaanza mgongo umelala sawasawa. Dakika ya nne shingo ikaanza kuinuka na kushuka. Dakika ya saba alikuwa ameshajisogeza nyuma ya kiti, magoti yanakaribia kugusa tumbo. Dakika ya kumi na moja akaachia pembe, akaketi wima, akasema, "Fundi, miguu bado mizima, ila shingo imekataa." Mbio alizojiandikishia ni triathloni ya Ironman 70.3: kuogelea, kilomita 90 za baiskeli, kisha kukimbia. Kwa mwendo wake, baiskeli pekee ni kama saa tatu.

Naandika haya kwa sababu namwona kila msimu mtu aliyejinyima kwa miezi mingi ili anunue baiskeli ya triathloni, halafu siku ya mbio anakaa wima robo tatu ya njia. Inaniuma, maana pesa ile ingemlipia mwalimu wa kuogelea na bado ingebaki.

Tofauti ya baiskeli hizi mbili haiko kwenye rangi wala kwenye unene wa ringi. Iko kwenye kiti. Chukua timazi, uzi na kipande cha risasi kama anachotumia mwashi, uning'inize kutoka kwenye ncha ya mbele ya kiti. Kwenye baiskeli ya barabara uzi utaangukia sentimita kadhaa nyuma ya ekseli ya katikati inayozungushwa na pedali. Kwenye ya triathloni utaangukia karibu na ekseli yenyewe, na mara nyingine mbele yake. Sababu ni kwamba bomba linalobeba kiti limesimama zaidi: kwenye baiskeli ya barabara huwa na nyuzi 72 hadi 74, kwenye ya triathloni nyuzi 76 hadi 80 hivi.

Nyuzi hizo chache zina maana kubwa mwilini. Ukimlaza mtu mbele bila kumsogezea kiti, nyonga zinajikunja, paja linapanda mpaka tumboni kila pedali inapozunguka, na pumzi inabanwa. Ukikisogeza kiti mbele, mwili mzima unageuka kama mlango kwenye bawaba, ekseli ya pedali ikiwa ndiyo bawaba: mgongo unalala, lakini nafasi kati ya paja na kiwiliwili inabaki wazi. Na uzito wa kifua haubebwi tena na viganja, unabebwa na mifupa ya mikono iliyokaa juu ya vibao. Ndiyo maana mtu aliyezoea mkao huo anaweza kukaa saa nyingi, na ambaye hajauzoea anateswa na shingo.

Tabu yote hii ni kwa ajili ya upepo. Kwenye tambarare, ukishavuka kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inakwenda kuisukuma hewa. Tena hewa haidai kwa usawa. Toka kilomita 30 hadi 36 kwa saa, umeongeza moja ya tano tu ya mwendo, lakini nguvu ya kupambana na hewa imepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Na kinachozuia hewa zaidi ni wewe mwenyewe: kifua, mabega, kichwa. Fremu iliyochongwa kama kisu ina mchango wake, ila ni mdogo ukilinganisha na mabega yaliyofinywa. Greg LeMond wa Marekani alilionyesha hilo siku ya mwisho ya Tour de France ya 1989. Kilomita 24.5, kutoka Versailles hadi Champs-Élysées, alianza akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Alifunga pembe ambazo wanatriathloni walikuwa wameshaanza kuzitumia. Fignon hakuwa nazo. LeMond alitwaa ubingwa kwa sekunde 8.

Hapa ndipo kanuni za mchezo zinapoamua kabla ya mfuko wako. Kwenye mbio za Ironman hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako. Mshiriki wa kawaida anatakiwa kuacha mita 12. Upepo ni wako peke yako, kwa hiyo mkao wa viwiko unalipa. Kwenye triathloni ya Olimpiki mambo ni kinyume: waendeshaji wanaruhusiwa kwenda kwa kundi, na usukani lazima uwe ule wa kawaida wa mbio za barabara, uliojikunja chini. Msafara wa Jumapili asubuhi na klabu nao ni kundi. Kwenye kundi pembe hazifai hata kidogo. Gia ziko kwenye ncha za pembe, breki ziko kule nje kwenye usukani, na muda wa kuhamisha mkono kutoka huku kwenda kule ndio muda ambao gurudumu la mbele yako limeshasimama.

Hata nje ya kundi hatari ipo. Aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na kocha David Kinjah kule Kikuyu, Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara nne, alipata ajali mbaya Juni 2019 nchini Ufaransa akikagua njia karibu na Roanne. Alikuwa juu ya baiskeli ya kushindana na saa, ndugu wa damu wa baiskeli ya triathloni. Aliondoa mkono mmoja ili apenge kamasi, upepo ukapiga gurudumu la mbele, akaenda kugonga ukuta kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Baiskeli hizi zinaweka uzito mwingi mbele, na ringi pana zinashika upepo wa ubavuni kama tanga. Zinataka mikono miwili, na barabara inayotabirika.

Sasa tazama barabara zetu. Matuta kila penye shule na kijiji, mengine hayana rangi wala kibao. Vituta vidogo vya kutetemesha gari. Bodaboda inayotokea kushoto. Basi linalokusogelea mpaka unalisikia joto la injini. Mwendeshaji aliyelala kwenye pembe akikuta tuta asilolitarajia ana mawili: kuruka nalo au kulala nalo chini. Mazoezi yako, ambayo ni saa nyingi zaidi kuliko za siku ya mbio, yatafanyika hapo.

Wengine huniambia milima ndiyo inayoamua, kwamba penye mlima baiskeli ya triathloni haina kazi. Hilo ni nusu tu. Ni kweli kwamba ukipanda kwa kilomita 12 kwa saa hewa haina deni kubwa, na uzito ndio unaokuvuta. Lakini kwenye ubingwa wa dunia wa baiskeli Kigali mwaka 2025, mji wenye vilima kila upande, mwendeshaji Remco Evenepoel alishinda mbio za kushindana na saa kwa baiskeli yenye pembe, akampita njiani mpinzani wake Tadej Pogačar aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Penye mteremko na tambarare pembe bado zinalipa, kwa mwili unaokubali kukaa hapo.

Kwa hiyo kwa anayeanza, ushauri wangu ni baiskeli ya barabara inayomtosha vizuri, pamoja na pembe za kufunga kwa boliti. Bei ya pembe hizo ni sehemu ndogo ya bei ya baiskeli nzima, na unazivua kabla ya msafara wa klabu. Tahadhari moja: ukizifunga tu bila kugusa kitu kingine utanyooka kama anayefikia embe la mbali. Kisogeze kiti mbele, kipandishe kidogo, na shina la usukani liwe fupi kidogo. Baiskeli ya triathloni ije pale utakapoweza kukaa kwenye viwiko saa nzima bila kujinyanyua, una mbio ndefu zaidi ya moja kwa mwaka, na una kipande cha barabara tulivu cha kuizoea.

Yule kijana alirudi juzi. Anapiga mazoezi ya shingo na kiuno kila asubuhi. Vibao vyake alikuwa amevishusha kabisa, akiamini kwamba chini zaidi ni kasi zaidi. Niliviinua sentimita mbili na kuvisogeza nyuma kidogo. Alikaa dakika 34, mgongo umetulia, kisha akashuka mwenyewe kunywa maji.