Mchoro na Shaka ya Daktari: Mfano wa Malale katika Maniema ya Kusini

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mchoro unavyoweza kumsaidia daktari kufikiri sawasawa pale ambapo kipimo hakitoi jibu la hakika. Mfano unaotumika ni malale, maradhi yaenezwayo na mbung'o, ambayo yamejulikana kwa miaka mingi katika Maniema ya kusini, pande za Kasongo, Wamaza na Kabambare.

Mwaka 1978 wataalamu wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walibuni kipimo cha malale kiitwacho CATT. Tone la damu huchanganywa na dawa juu ya kadi. Chembe zikishikamana, mtu huhesabiwa kuwa mshukiwa. Kipimo hiki ni chepesi, na timu zinazozunguka vijijini huweza kupima watu wengi kwa siku moja. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mtu asiye na malale naye aweza kuonyesha alama hiyo.

Je, aliyeonyesha alama ni mgonjwa? Kiswahili kina maneno ya kujibia: labda, huenda, pengine, yamkini. Maneno hayo hukiri shaka bila ya kuipima, kwani nafasi moja katika kumi na nafasi tisa katika kumi zote huitwa "huenda". Asilimia nazo hupotosha. Daktari akiambiwa kwamba kipimo hugundua wagonjwa 90 katika kila 100, ni rahisi adhani kuwa katika watu 100 walioonyesha alama, 90 ni wagonjwa.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kijijini wamepimwa watu 1000. Idadi hiyo huandikwa juu ya ukurasa, na chini yake huchorwa matawi mawili: wagonjwa 10 na wazima 990. Kila tawi huzaa mengine mawili. Katika wagonjwa 10, 9 wana alama na 1 hana. Katika wazima 990, kipimo kikikosea kwa watu 5 hivi katika kila 100, 50 wana alama na 940 hawana. Wenye alama ni 59 kwa jumla, na wagonjwa miongoni mwao ni 9 tu. Sababu huonekana pale pale: wazima ni wengi mno, hata kosa dogo kwao huzaa washukiwa wengi. Katika kijiji chenye wagonjwa 100 kati ya watu 1000, kipimo kile kile kingetoa wenye alama 135, na 90 kati yao wangekuwa wagonjwa.

Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na Hoffrage na Gigerenzer, uliochapishwa mwaka 1998, uliwahusisha madaktari 48. Maswali ya namna hii yalipoandikwa kwa asilimia, majibu sahihi yalikuwa kama 10 katika 100. Yalipoandikwa kwa hesabu ya watu, yalifika 46. Mchoro wa matawi ni hesabu hiyo hiyo iliyowekwa mbele ya macho.

Jambo hili si la nadharia tupu. Kwa miongo mingi hatua ya pili ya malale ilitibiwa kwa melarsoproli, dawa yenye arseniki, ambayo iliua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 waliotibiwa. Kumwita mzima mgonjwa kungeweza kumgharimu maisha. Na mgonjwa aliyeachwa bila tiba hatimaye hufa. Ndiyo maana baada ya alama hufuata kupapasa tezi za shingo na kutafuta vimelea kwa hadubini, na kila hatua ni tawi jipya la mti.

Vidonge vya feksinidazoli, vilivyoidhinishwa mwaka 2018, vimepunguza hatari ya tiba, lakini havijaondoa shaka. Kinyume chake, kadiri malale yanavyopungua, ndivyo wazima wanavyozidi kuwa wengi miongoni mwa wenye alama. Kwa hiyo mchoro unahitajika zaidi leo, na maneno yake machache yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ili daktari, muuguzi na mgonjwa wausome pamoja.