Wanafunzi wasingoje alama zipotee ndipo wamwone mhadhiri

KATIKA vyuo vikuu vingi nchini, mlango wa ofisi ya mhadhiri hubandikwa karatasi inayoonyesha siku na saa anazopatikana kuwaona wanafunzi. Wengi huipita karatasi hiyo muhula mzima bila kuisoma. Huikumbuka matokeo yanapotangazwa, wanapogundua kwamba alama zao hazionekani.

Wakati huo foleni huwa ndefu. Anayelalamika kwamba alama zake zimepotea hutakiwa kuthibitisha kwamba aliufanya mtihani, na mara nyingi humweleza hayo mhadhiri asiyemjua hata kwa sura. Alama za somo moja zikikosekana, huenda jina lake likaachwa nje ya orodha ya wanaofuzu.

Umbali huu baina ya mhadhiri na mwanafunzi una chanzo chake. Mwaka wa 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia karo, na vyuo vingine vya umma vikafuata mkondo huo. Kumbi za mihadhara zilifurika. Mhadhiri anayewafundisha mamia ya wanafunzi kwa saa mbili hawezi kulijibu swali la kila mmoja. Ofisini ndiko swali hilo hupata nafasi.

Ziara ya kwanza yafaa ifanywe katika majuma ya mwanzo ya muhula. Mwanafunzi hapaswi kwenda mikono mitupu na kusema tu kwamba haelewi somo. Abebe daftari, aonyeshe ukurasa uliomtatiza na aeleze alivyojaribu kulitatua tatizo lenyewe. Dakika kumi za mazungumzo ya aina hiyo huzaa matunda kuliko saa nzima ya malalamiko.

Fursa nyingine ni baada ya majaribio ya katikati ya muhula. Katika kozi nyingi majaribio hayo huchangia alama 30 kwa 100, na mtihani wa mwisho 70. Anayeuliza mapema alikokosea huwa na muda wa kujirekebisha kabla ya kuzikabili zile 70. Anayeenda kuomba aongezewe alama hujiharibia sifa tu.

Wahadhiri wa muda, ambao hufundisha katika vyuo kadhaa, huenda wasiwe na ofisi. Hao ni vyema kuwafikia mara tu mhadhara unapomalizika na kuafikiana nao siku ya kukutana.

Manufaa hayaishii kwenye mtihani. Wanaotafuta ufadhili wa masomo ya juu huhitaji barua za mapendekezo, na mhadhiri hawezi kuandika mengi kuhusu mtu aliyemwona kwa mbali.

Hata hivyo, mashauriano hufanyika ofisini na katika saa za kazi, wala si hotelini usiku. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 inamwadhibu mwalimu wa taasisi ya elimu anayetumia wadhifa wake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono. Anayealikwa kwingineko ana haki ya kukataa na kupiga ripoti.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Karo huwa imelipwa na karatasi i mlangoni; lililobaki ni mwanafunzi kubisha hodi mapema.