Huehuetenango: kwa nini kawa ya mlima mmoja inauzwa kwa bei mbili

Magharibi mwa Guatemala, kwenye mpaka na Meksiko, kuna jimbo la milima linaloitwa Huehuetenango. Watu wa kule wanalitamka Wewetenango. Walimaji wawili ambao ni jirani wanaweza kuwa na miti ya kawa ya aina moja, kwenye mlima mmoja, wakachuma wiki moja. Mmoja anauza kwa bei ya kawaida ya soko, mwengine anapata zaidi. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Sasa tofauti inatoka wapi?

Swali hilo linagusa pia walimaji wa Kivu na Ituri. Arabika ya huku na arabika ya kule zinapimwa kwa mizani moja: bei ya soko la New York, halafu alama ambazo waonjaji wanatoa juu ya 100. Muonjaji anayefungua mfuko wa Huehuetenango asubuhi anaweza kufungua ule wa Kalehe ama wa Idjwi mchana, na maswali yake ni yale yale.

Mlima na upepo

Huehuetenango iko kwenye milima ya Cuchumatanes, ambayo inapita metre 3,800. Ndiyo milima mirefu zaidi ya Amerika ya Kati ambayo si volkano. Kwa kawaida, mahali pa juu namna hiyo baridi kali ingeunguza miti ya kawa. Lakini upepo wa joto na ukavu unapanda kutoka bonde la Tehuantepec, ku Meksiko, na unazuia ile baridi. Kwa hiyo kawa inalimwa mpaka karibu metre 2,000.

Juu kule tunda linaiva polepole, na mbegu inakuwa ngumu na yenye ladha nyingi. Guatemala inaita kawa inayotoka juu ya metre 1,350 hivi "mbegu ngumu kabisa", na daraja hilo linaandikwa kwenye karatasi za kuuzia. Anacafé, shirika la kitaifa la kawa lililoundwa mwaka 1960, linahesabu maeneo manane ya kawa katika inchi ile. Huehuetenango ni moja kati yao.

Kuna jambo lingine la maana. Vijiji viko mbali, barabara ni mbaya, lakini mito ni mingi. Ndiyo maana walimaji wengi, hata wadogo, wanatengeneza kawa yao wenyewe nyumbani. Wakati wa mavuno, kati ya Januari na Aprili, matunda yanachumwa na kumenywa siku ile ile. Mbegu zinachachushwa, zinaoshwa kwa maji ya mto, na zinaanikwa kwenye uwanja wa simenti ama juu ya paa la nyumba. Mwishoni mulimaji anakuwa na kawa parche, ni kusema mbegu kavu ikiwa bado ndani ya ganda lake. Kule inaitwa pergamino.

Huku Kivu walimaji wengi wanapeleka matunda mekundu, yaani serizi, ku kituo cha kusafishia kawa. Serizi haiwezi kulala: ikipita usiku mmoja, inaanza kuharibika. Parche kavu iliyowekwa vizuri inaweza kungoja wiki nyingi. Mwenye kushika kitu kinachoweza kungoja yuko na nguvu kidogo mbele ya mnunuzi. Lakini nguvu hiyo inategemea kama nyumbani kuna chakula na feza ya kuvumilia.

Coyote analipa leo

Ku Guatemala, mnunuzi wa kati anaitwa coyote, jina la mnyama wa porini anayefanana na mbweha. Anafika na gari na mizani mpaka kijiji ambacho hakuna mwengine anafika. Analipa feza mkononi. Mara nyingi ndiye aliyekopesha familia kabla ya mavuno, wakati nyumba ilikuwa haina kitu.

Kwa hiyo si kila coyote ni mwizi. Anatoa kazi ambayo banki haitoi. Tatizo ni kile kinachofuata: anamwaga kawa nzuri na kawa mbaya ndani ya mfuko mmoja. Kuanzia pale hakuna mtu anayejua kawa ile ilitoka kwa nani. Hata ingekuwa na ladha ya ajabu, inapata bei ya mchanganyiko.

Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu wanajua hasara hiyo. Kwa miaka mingi kawa ya huku ilivushwa usiku kwa pirogi kwenda Rwanda, na wengine walipoteza maisha majini. Ng'ambo kule iliuzwa bila jina lake. Mulimaji alipata franga za haraka, lakini mlima wake haukujulikana na mnunuzi yeyote.

Namna mnunuzi anatafuta kawa

Mnunuzi wa kawa ya ubora wa pekee, anayekaa Marekani ama Ulaya, hanunui kwa kuangalia mfuko. Anaomba kwanza sampuli, ama eshantiyo vile wengi wanasema. Gramu 350 za kawa ya kijani, isiyokaangwa, zinamwagwa mezani na mbegu mbovu zinahesabiwa. Mbegu nyeusi ama iliyochacha haikubaliwi hata moja. Makosa madogo, kama mbegu zilizovunjika ama zilizotobolewa kidogo na wadudu, hayapaswi kupita hesabu ya matano. Unyevu unapimwa pia: kawaida ni kati ya asilimia 10 na 12. Ikipita pale, kawa inaweza kuoza njiani.

Kisha kawa inakaangwa kidogo, inasagwa, na inamwagiwa maji ya moto ndani ya vikombe vitano. Kwa nini vitano na si kimoja? Sababu mbegu chache mbaya zinaweza kujificha. Kikombe kimoja kikinuka vibaya, kinasema kuna mahali usafi ulikosekana. Waonjaji wanavuta kawa kwa kijiko na kuandika alama. Kuanzia 80 juu ya 100, kawa inaitwa ya ubora wa pekee.

Hapa ndipo ile tofauti ya walimaji wawili inaonekana. Yule ambaye kawa yake ilibakia peke yake, na namba yake juu ya mfuko, anaweza kuonjwa. Mara nyingi kawa yenye alama za juu sana inanunuliwa kando na kuuzwa kwa jina la shamba. Ile ya alama za katikati inaunganishwa na ya jirani na kuuzwa kwa jina la kijiji, kama San Pedro Necta ama Todos Santos. Ile iliyokwisha changanywa na coyote haina nafasi ya kuonjwa kwa jina la mwenyewe.

Kisha kunakuja mkataba. Parche inapelekwa ku kiwanda cha kukoboa, ganda linatolewa, mbegu zinachaguliwa kwa ukubwa, uzito na rangi, na zinaingizwa ndani ya mifuko ya kilo 69. Kabla ya kupakia, sampuli ya pili inatumwa. Isipofanana na ya kwanza, mnunuzi anaweza kukataa. Kontena moja inabeba mifuko karibu 275, ni kusema tani 19 hivi. Mulimaji mwenye mifuko kumi hawezi kuijaza. Ndiyo maana anahitaji koperativi ama kampuni ya kusafirisha, itakayofikisha mzigo ku bandari.

Kuna shamba moja la Huehuetenango, El Injerto, huko La Libertad, ambalo limeshinda zaidi ya mara moja shindano la Cup of Excellence la Guatemala. Lakini lile ni shamba kubwa la familia moja, lenye mashini zake. Mulimaji mdogo hawezi kufuata njia ile peke yake.

Hesabu inayochanganya watu

New York inahesabu kwa libra, si kwa kilo. Libra moja ni gramu 453 na kitu. Tuseme, kwa mfano, soko liko kwa dola 2 kwa libra: hiyo ni kama dola 4.40 kwa kilo. Mnunuzi akiongeza senti 60 kwa libra juu ya ubora, inakuwa karibu dola 5.70 kwa kilo.

Bei hiyo ni ya kawa ya kijani iliyokwisha kufika bandarini. Kilo 100 za parche zinatoa kilo 80 hivi za kawa ya kijani. Kwa upande wa serizi, inaomba kilo tano mpaka sita kupata kilo moja ya kijani. Halafu kunatolewa usafiri, kukoboa, mifuko, kodi, na faida ya banki. Anayesikia "dola tano" asilinganishe moja kwa moja na bei ya serizi yake.

Na soko lenyewe halitulii. Mwaka 2013 Guatemala ilitangaza hali ya dharura juu ya kutu ya majani iliyokausha mashamba. Katika miaka ya 2018 na 2019 bei ilishuka chini ya dola moja kwa libra, na vijana wengi wa Huehuetenango walishika njia ya Marekani. Mwanzoni mwa 2025 ikapita dola 4.

Bei ikipanda namna hiyo, koperativi inaweza kuumia pia. Kama ilifunga bei mapema, coyote anapita na feza zaidi, na wanachama wanamuuzia. Koperativi inabakia na mkataba bila kawa. Bei ya chini ya Fairtrade, iliyowekwa Agosti 2023 kuwa dola 1.80 kwa libra ya arabika iliyooshwa, pamoja na senti 20 za ziada, inakinga wakati soko linaanguka. Soko likipanda haisaidii kitu juu ya shida hiyo.

Nani anangoja?

Tatizo kubwa, kule kama huku, ni siku za kungoja. Koperativi inatoa malipo ya kwanza wakati wa kupokea kawa, na yale mengine miezi kadhaa baadaye, wakati mnunuzi amekwisha lipa. Mtoto anafukuzwa shuleni leo juu ya minervali. Mzazi atangoja mpaka mwezi wa nane?

Wakopeshaji wengine wa kigeni wanakubali mkataba wa mnunuzi kama dhamana na kutoa avansi kwa koperativi. Kwa hiyo mnunuzi anayesaini mapema, na kurudi mwaka unaofuata, anaweza kufaa kuliko yule anayetoa bei kubwa mara moja na kupotea.

Mulimaji anayeambiwa kwamba wanunuzi wa kawa ya ubora wa pekee wamekuja, anaweza kuuliza maswali haya kwenye mkutano wa koperativi: Kawa yangu inabakia kando ama inachanganywa? Ilipata alama ngapi, na nani aliionja? Bei imefungwa ama inafuata New York? Malipo ya kwanza ni siku gani, na ya mwisho ni mwezi gani? Na kama sampuli ya pili inakataliwa, hasara ni ya nani? Majibu hayo yaandikwe kabla ya mfuko wa kwanza kupimwa.