Kuvuka Mpaka kwa Gari Kwenda Kuvua: Nasaha kwa Ndugu wa Kigoma na Ujiji

Himdi Anastahiki Allaah, na rahmah na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Likizo zinapokaribia, wapo ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji wanaopanga safari ya gari kwenda upande wa Burundi, kuwaona jamaa wa Rumonge au wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, na kukaa siku chache ufukweni na ndoano zao. Safari hii si ngeni kwetu. Tangu enzi za misafara, Uislamu na Kiswahili vimeiunganisha Ujiji na miji hiyo ya mwambao wa ziwa. Tofauti ni kwamba wazee wetu walikwenda kwa mitumbwi, nasi tunakwenda kwa gari, tena katika nchi ambayo magari yake hupita upande usio wetu.

Je, kufuata sheria za barabara za nchi nyingine ni jambo la Dini?

Ndiyo. Anayeingia nchi ya watu kwa kugongewa muhuri mpakani ameingia kwa ahadi, na Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi. Sheria za barabara zimewekwa kulinda roho, na kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya Shari'ah.

Wapo wanaosema baada ya ajali, "Ni kadari ya Allaah." Kila kitu ni kwa kadari, lakini kadari si kisingizio cha uzembe. Anayemuua mtu kwa kukosea analazimika diya kwa warithi wa marehemu, ila wakisamehe, na juu yake ipo kafara iliyotajwa katika Suratun-Nisaa: kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Wanachuoni wa zama zetu wameiingiza humo ajali ambayo dereva ameisababisha kwa kosa lake, kama mwendo wa kasi, usingizi au kupita upande usio wake. Basi safari ya starehe ya siku tatu inaweza kumwachia mtu deni la kubeba maisha yake yote.

Kabla ya kuondoka

1. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na leseni halisi ya udereva, si nakala.

2. Kadi halisi ya gari. Kama gari si lako, chukua barua ya idhini ya mwenyewe. Gari la kuazima ni amana. Usilivushe mpaka ikiwa mwenyewe alikuruhusu kufika Kasulu tu.

3. Kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

4. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara kwa watu wengine. Tanzania na Burundi zote zimo katika mpango huo. Iulizie kwenye kampuni iliyokukatia bima ya gari. Wanachuoni wengi wanaona bima ya kibiashara ina gharar, lakini ile inayolazimishwa na sheria mtu huichukua kwa dharura, asizidishe juu ya kiasi alicholazimishwa.

5. Pembetatu za kuakisi mwanga, kizima moto, tairi la akiba na sanduku la huduma ya kwanza.

Jaza tanki kabla ya kuvuka, kwa sababu Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa. Usibebe madumu ya petroli ndani ya gari lenye watoto; hiyo ni hatari ya moto, na forodha watakuona mfanya magendo.

Ukibadilisha shilingi kwa faranga, nenda benki au duka la fedha lenye leseni, na mkabidhiane hapo hapo. Kutoa fedha leo na kupokea zako kesho kutoka kwa mtu wa mpakani ni mlango wa riba, na mara nyingi ni mlango wa kutapeliwa pia.

Barabarani

Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni lami, kama kilomita 60. Ukishavuka na kuingia Mugina, upande wa Burundi, unapita kulia. Barabara inateremka hadi Nyanza-Lac, kisha inafuata ziwa kupitia Rumonge hadi Bujumbura.

Wengi hukumbuka kubadili upande pale mpakani, maana kila mtu yuko macho. Hatari ipo kesho yake asubuhi, unapotoka uani au kituo cha mafuta na barabara ni tupu, mkono ukarudi kwenye mazoea yake. Mwambie aliye karibu nawe akukumbushe "kulia" kila mnapoanza kuondoka. Mkirudi Manyovu, akukumbushe "kushoto".

Gari letu lina usukani kulia. Ukipita kulia, unakuwa umekaa pembeni mwa barabara na huoni kilichoko mbele ya lori. Usilipite lori kwa kubahatisha. Aliyekaa kiti cha kushoto awe mtu mzima anayejua kuendesha, akutazamie njia. Kama hakuna, baki nyuma. Kwenye kipilefti zunguka kwa kuanzia kulia, na tazama wanaokuja kutoka kushoto kwako.

Katika vilima vya Burundi utakuta waendesha baiskeli wameshikilia nyuma ya malori wakipanda, na wengine wakishuka kwa kasi na mizigo ya ndizi. Usisafiri usiku: taa za magari yetu zimeelekezwa kushoto, na ukipita kulia zinampiga machoni anayekuja. Jumamosi asubuhi kwa desturi ni saa za kazi za jamii na magari huzuiwa, basi panga safari yako uziepuke. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda sana, hivyo uliza hali ya barabara ya ufukweni kabla ya kuondoka.

Swalah na saa

Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu itabadilika yenyewe, lakini jua halibadiliki. Magharibi inayoingia Kigoma karibu na saa 1 usiku, Bujumbura huingia karibu na saa 12 jioni. Tumia ratiba ya mahali ulipo, hasa ukiwa umefunga.

Anayekusudia kufika Nyanza-Lac au mbele yake anapita umbali wa qasr, ambao wengi wamekadiria kilomita 80 na kitu. Anaanza kupunguza akishatoka nje ya majengo ya mji wake. Adhuhuri, Alasiri na Ishaa huwa rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Kwa madhehebu ya Shaafi'iy, aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, anaswali kamili tangu afike.

Ziwani

Mgebuka wa kwetu kule ni mukeke, na dagaa ni ndagala, lakini samaki ni wale wale wanaopungua. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kabla ya kufunga safari ulizia ofisi ya uvuvi kama ziwa liko wazi na kibali gani kinatakiwa, kwa kila nchi peke yake. Kibali cha Kigoma hakivuki mpaka. Kwetu pia, Hifadhi ya Mahale ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 ambao si wa kuvua.

Samaki ni halali bila kuchinjwa. Vua cha kula na cha kugawia jirani. Kumtesa kiumbe kwa mchezo tu ni jambo la kuchukiza. Usiingie mtumbwini bila jaketi la kuokolea, hata kama nahodha anakucheka. Pepo za kiangazi hubadilika ghafla, na ziwa lina kina cha mita zaidi ya 1,400.

Tunamuomba Allaah Awarudishe wasafiri wetu salama kwa ahali zao, na Asijaalie starehe yetu iwe msiba wa wengine.

Na Allaah Anajua zaidi.