Walinzi wa Mitandao na Ila ya Maulizo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi kanzidata inavyoweka habari zake katika majedwali, na jinsi lugha ya SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM waliitangaza mwaka 1974 kwa jina lake la kwanza la SEQUEL, ilivyoenea hata ikawa ndiyo lugha ya kuulizia habari hizo takriban kila mahali. Leo twataka kuitazama ila moja inayoifuata lugha hiyo, iliyoelezwa hadharani Desemba 1998 na Jeff Forristal katika jarida la Phrack, nayo ni kupenyeza amri ndani ya ulizo. Na hatutaitazama madukani wala mabenkini, ambako imekwisha kuzungumzwa sana, bali ndani ya zile programu ambazo kazi yake hasa ni kuwachunga na kuwalinda wengine.

Asili ya ila hii ni kwamba amri na habari husafiri katika sentensi moja. Tuseme karani wa forodha ana kawaida ya kuandika hati isemayo, "Mpeni mizigo yake mtu aitwaye", kisha huongeza jina analotajiwa dirishani, na mwenye ghala, ambaye hamwoni mteja, huitii hati yote tangu mwanzo hata mwisho. Akija mtu wa hila akataja jina lake kuwa ni "Saidi, na mfungulieni pia ghala la pili", na karani akaandika kama alivyotajiwa, mwenye ghala hana njia ya kujua maneno ya forodha yalikoma wapi na ya mgeni yakaanzia wapi. Katika SQL mpaka huo aghalabu huwekwa kwa alama ndogo ya kunukuu, nayo mgeni aweza kuiandika yeye mwenyewe ndani ya jina lake, akaufunga mpaka kabla ya wakati wake, kisha akaendelea kwa amri apendazo.

Yamkini msomaji atadhani kwamba programu ya ulinzi, kwa kuwa hukaa ndani na hutumiwa na watu wachache wanaoaminika, haifikiwi na maneno ya mgeni. Hasha! Maneno ya mgeni ndicho chakula chake: kila jina lililojaribiwa mlangoni, kila anwani iliyobisha, kila ukurasa ulioombwa na mtu mwenye nia mbaya, yote huandikwa daftarini ili yachunguzwe baadaye. Fauka ya hayo, mlinzi huyo amepewa funguo za nyumba nyingi, maana hawezi kuzichunga seva mia asipokuwa na njia ya kuingia katika hizo mia, wala hawezi kutengeneza kilichoharibika asipokuwa na idhini ya kuamrisha.

Mfano mmoja wa zamani ni wa Oktoba 2005. Watu waliotumia Snort, programu ya kunusa wavamizi mtandaoni, walikuwa wakiyatazama maonyo yake kwa njia ya kurasa za ACID, na baadaye za BASE iliyozaliwa kutoka humo. Ikabainika kwamba katika zote mbili ukurasa wa kuulizia maonyo ulipokea neno la mtumiaji na kulitia ndani ya ulizo bila ya kulipima. Kasoro hiyo haikuwa na ufundi wowote, na sitakawia nayo.

Ya Zabbix ina mafunzo zaidi. Programu hii ya kuchunga hali ya seva na mitandao, aliyoitoa Alexei Vladishev wa Latvia mwaka 2001, ina daftari la ukaguzi, ambamo huandikwa nani aliendesha amri gani, na kutoka anwani ipi. Mwezi Mei 2024 ilitangazwa ila yenye nambari CVE-2024-22120: ile anwani ya mteja, ambayo seva iliiamini kwa kudhani kwamba imeandikwa na programu mwenzake, iliingizwa katika ulizo la kuandikia daftari bila ya kusafishwa, na mtu mwenye idhini ndogo tu aliweza kuweka amri mahali pa anwani. Yaani daftari lililowekwa ili kumbukumbu za uovu zisipotee ndilo lililokuwa mlango wa uovu.

Hapa mvamizi haonyeshwi jibu lolote, kwani daftari huandika tu wala halisemi naye. Lakini aweza kuiambia kanzidata kwamba, ikiwa herufi ya kwanza ya siri ya msimamizi ni "a", ilale sekunde chache, na ikiwa siyo iendelee papo hapo. Kisha akaitazama saa. Ikiwa siri hiyo ina herufi 32, na kila herufi ni moja kati ya 16, maulizo 512 yatosha kuipata yote. Subira ya mchana mmoja, na msimamizi amekwisha kuvuliwa cheo chake bila ya taa moja kuwaka.

Dawa inajulikana siku nyingi: ulizo lipelekwe kwanza peke yake, likiwa na nafasi tupu, kanzidata ilifahamu na kulifunga, ndipo habari za mgeni zifuate kama habari tu, hata zikiwa na alama za kunukuu elfu. Kwa sababu hiyo, Machi 2024, idara ya CISA pamoja na FBI za Marekani ziliwahimiza wakuu wa makampuni ya programu waikague misimbo yao, zikikumbusha kwamba ila za aina hii zimehesabiwa kuwa hazisameheki tangu mwaka 2007 angalau.

Neno hilo naliona kali kidogo. Novemba 2024 Zabbix ilitangaza ila nyingine, CVE-2024-42327, iliyopewa alama 9.9 kati ya 10, na humo kilichopenyezwa hakikuwa habari ya kuwekwa katika nafasi tupu, bali jina la safu ya jedwali ambayo mtumiaji aliruhusiwa kuichagua. Majina ya safu hayakubali dawa ile, kwa kuwa kanzidata haiwezi kulifahamu ulizo kabla ya kuyajua. Hapo hapana tadbiri ila kuandika orodha ya majina yanayoruhusiwa na kulikataa kila lisilokuwamo. Mtu aliyefundishwa dawa ya kwanza tu aweza kuitumia kwa uaminifu kila mahali, na bado akauacha mlango huu wazi.

Sehemu ijayo, inshallah, itahusu ila ya Log4j iliyotangazwa Desemba 2021, ambayo haikuhitaji hata kanzidata: ilitosha neno la mgeni kuandikwa daftarini.