Umeme wa Nyumbani na Garimoshi la Kuchezea

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru. Magari yake yalivutwa na injini za mvuke, na baadaye za dizeli. Lakini yako magarimoshi madogo ya kuchezea yaendeshwayo kwa umeme, ambayo yalitengenezwa kwa wingi zamani huko Ulaya na Marekani, na mengi bado ni mazima. Mtu wa Thika au Ruiru akijaliwa kupata moja, yampasa kwanza kuuliza linataka umeme wa kiasi gani.

Umeme uingiao katika nyumba za Kenya ni wa volti 240. Garimoshi la Hornby Dublo, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1938, lataka volti 12 tu, yaani sehemu moja katika 20. Tena reli zake ni chuma kitupu, na mtoto huzishika kwa mikono miwili. Volti 12 hazimdhuru. Volti 240 zaweza kumwua.

Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hilo kwa kujaribu. Mwaka 1925 garimoshi moja la Hornby lilitumia umeme wa nyumbani, ukipunguzwa kwa balbu ya taa tu. Kasoro ya hila hiyo ni kwamba injini ikitoka relini, nguvu yote ya ukutani hubaki katika reli. Njia hiyo iliachwa, ikatumika transfoma.

Ndani ya transfoma mna kiini cha chuma na mafungu mawili ya waya wa shaba. Fungu la kwanza hupokea umeme wa ukutani, la pili hutoa umeme wa reli. La kwanza likizungushwa mara 20 kwa kila mzunguko mmoja wa la pili, volti 240 hushuka hata 12. Mafungu hayo hayagusani. Nguvu hupita kwa usumaku, hivyo umeme wa ukutani haupati njia ya kufika relini. Kazi iyo hiyo hufanywa na transfoma kubwa zilizo juu ya nguzo kando ya barabara, zipunguzazo volti 11,000 kabla umeme haujaingia majumbani.

Hornby Dublo hutaka pia rektifaya, chombo kiufanyacho umeme uende upande mmoja tu. Garimoshi la Lionel la Marekani halikihitaji, lakini transfoma yake iliundwa kwa volti za huko, karibu 120. Ikitiwa moja kwa moja katika umeme wa Thika, itaungua.

Mwisho, mpira wa waya za kale hukauka na kupasuka. Heri mwenye mali anunue transfoma mpya yenye fyuzi, aikaguliwe na fundi wa umeme, na ile ya kale aiweke kabatini iwe ukumbusho. Tahadhari kabla ya hatari.