Kalenda ya Bingwa Mkongwe

Msimu wa tenisi ya kulipwa huanza siku za kwanza za Januari na kufungwa Novemba. Katikati hapo mchezaji huvuka mabara na kubadilisha sakafu mara kadhaa: sakafu ngumu ya Melbourne, udongo mwekundu wa Paris, nyasi za Wimbledon, kisha sakafu ngumu tena mjini New York. Hayo ndiyo mashindano makubwa manne, Grand Slam, na nafasi zilizobaki katikati yake zimejaa mashindano mengine karibu kila wiki. Orodha ya ubora wa dunia huhesabu pointi za wiki 52 zilizopita tu. Aliyetwaa taji mwaka jana asipolitetea mwaka huu, pointi zake hufutwa wakati uleule. Mfumo wa namna hii humpendelea mwenye miguu mibichi. Kijana wa miaka 22 anaweza kupoteza mchezo Jumanne katika nchi moja na Jumatatu inayofuata akawa uwanjani katika nchi nyingine. Mwenye miaka 35 anaweza pia, lakini atalipa baadaye.

Kitu cha kwanza kumponyoka mkongwe si ufundi wa mkono. Mbio hupungua kidogo, ndiyo, ila kinachobadilika zaidi ni muda ambao mwili unahitaji ili urudi katika hali yake. Kwa wanaume, mechi ya Grand Slam huchezwa hadi mmoja ashinde seti tatu kati ya tano, na bingwa hupita raundi saba ndani ya wiki mbili hivi, kwa kawaida akiwa na siku moja ya kupumzika kati ya mechi na mechi. Siku yoyote ile, bingwa wa zamani anaweza kumwangusha yeyote. Shida huja keshokutwa yake, wakati goti limevimba na mgongo umekaza huku mpinzani wa miaka 21 amelala vizuri. Na kupumzika nako kuna hasara yake: jicho husahau kasi ya mpira, mguu huchelewa nusu hatua, na maamuzi ya pointi muhimu hushika kutu. Kiwango cha mkongwe kinakaa kwenye ujia mwembamba kati ya uchovu na kutu.

Aliyeupita ujia huo kwa ustadi unaokumbukwa zaidi ni Roger Federer. Mwanzoni mwa 2016, akiwa na miaka 34, goti lake lilipata hitilafu siku moja baada ya kutolewa katika nusu fainali ya Melbourne. Hakuwa uwanjani wala hakuwa akikimbiza mpira. Alikuwa akiwaandalia binti zake maji ya kuoga. Alifanyiwa upasuaji wa gegedu la goti, akaharakisha kurudi, mgongo nao ukamkorofisha, akaikosa Roland Garros, Grand Slam ya Paris. Hapo ulikatika mfululizo wake wa kucheza Grand Slam 65 bila kukosa hata moja. Wimbledon ya mwaka huo alifika nusu fainali, akaanguka kwenye nyasi katika seti ya tano na kupoteza kwa Milos Raonic. Kisha alifanya jambo ambalo wachezaji wa kiwango chake hawakulizoea: alifunga msimu mwezi Julai, miezi minne kabla ya wengine.

Aliporudi Januari 2017 alikuwa wa 17 katika orodha ya dunia. Njia yake Melbourne ilipita kwa Tomas Berdych, Kei Nishikori na Stan Wawrinka kabla ya kukutana na Rafael Nadal katika fainali. Seti ya tano alikuwa nyuma kwa geimu 3 kwa 1, akashinda geimu tano mfululizo. Mapumziko yalimpa miguu, lakini pia yalimpa nafasi ya kurekebisha silaha. Tangu 2014 alikuwa ameacha raketi yenye kichwa cha inchi za mraba 90 na kushika ya inchi 97, nayo ilihitaji muda mrefu kuzoeleka. Kwa miaka mingi Nadal alimsumbua kwa mipira inayoruka juu upande wa bekihendi, naye Federer akijibu kwa kuukata mpira taratibu. Safari hii, akiwa na kocha Ivan Ljubicic, aliupiga mapema na kwa nguvu, mguu ukiwa ndani ya mstari. Kwa mkongwe pigo la namna hiyo lina faida mbili, kwa kuwa humshambulia mpinzani na pia hufupisha pointi.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuja baada ya kutwaa mataji ya Indian Wells na Miami. Alikuwa ndiye anayecheza vizuri zaidi duniani wakati ule, na mwenye kiwango cha juu hutamani kucheza. Federer aliuruka msimu mzima wa udongo, Roland Garros ikiwemo. Kwenye udongo pointi huwa ndefu, magoti hufanya kazi ya ziada, na enzi hizo Nadal ndiye aliyekuwa akishinda. Alirudi kwenye nyasi, akachukua taji la Halle, kisha akatwaa Wimbledon yake ya nane bila kupoteza seti, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 36. Mtaka yote hukosa yote, husema wahenga, na Federer mwenyewe alionja ukweli wa methali hiyo Agosti mwaka huohuo. Alikwenda Montreal, nafasi ya kwanza duniani ikiwa karibu, akafika fainali, mgongo ukauma, akajitoa Cincinnati, na New York akaishia robo fainali. Nadal ndiye aliyemaliza mwaka akiwa namba moja. Mwaka uliofuata hesabu zilikaa sawa zaidi: baada ya taji la 20 la Grand Slam mjini Melbourne, aliomba nafasi ya dakika za mwisho Rotterdam, ambako kufika nusu fainali tu kulitosha kumrudisha kileleni. Alitwaa taji lenyewe, akawa namba moja akiwa na miaka 36.

Kuruka shindano kubwa hakukuanza na Federer. Mwaka 1990 Martina Navratilova hakucheza Paris; akili yake yote ilikuwa Wimbledon, na hapo alishinda taji la tisa la mchezaji mmoja mmoja akiwa na miaka 33. Baadaye alihamia michezo ya wawili wawili, ambamo nusu ya uwanja ni ya mwenzako, na mwaka 2006 alishinda taji la mseto la US Open, Grand Slam ya New York, pamoja na Bob Bryan, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 50. Ken Rosewall wa Australia, aliyetwaa taji la nchi yake mwaka 1972 akiwa na miaka 37, ni mfano wa upande wa pili wa sarafu. Mwaka 1974, na miaka yake 39, alifika fainali za Wimbledon na US Open, na zote mbili alichapwa vibaya na Jimmy Connors. Kufika alikuwa bado anaweza. Mchezo wa saba ndio uliomkuta mwili umeishiwa.

Kanuni za ATP, chama kinachoendesha tenisi ya wanaume, zimempa mkongwe nafasi ya kupumua. Wachezaji wa juu hulazimika kucheza mashindano ya Masters 1000, ngazi iliyo chini ya Grand Slam, isipokuwa Monte Carlo. Hata hivyo mzigo huo hupunguzwa kwa shindano moja kwa kila sharti linalotimizwa: mechi 600 za kulipwa, miaka 12 ya utumishi, na umri wa miaka 31. Aliyetimiza yote matatu yuko huru kuchagua.

Uhuru huo una gharama, nayo hulipwa kwenye droo. Katika Grand Slam wachezaji 32 hutenganishwa kwa kufuata nafasi zao ili wasikutane mapema. Anayecheza mara chache hushuka, na akishuka hukutana na wakubwa kabla ya wakati. Novak Djokovic aliishi na hesabu hiyo mwaka 2025. Baada ya Wimbledon hakugusa shindano lolote la mchezaji mmoja mmoja hadi US Open, akiwa na miaka 38, na alifika nusu fainali za Grand Slam zote nne za mwaka huo. Zote aliishia hapohapo. Melbourne alimtoa Carlos Alcaraz katika robo fainali, lakini msuli ulichanika na mechi iliyofuata dhidi ya Alexander Zverev aliiacha baada ya seti moja. Paris na Wimbledon alizuiwa na Jannik Sinner, New York na Alcaraz. Kwa ratiba nyembamba alifika siku ya mwisho kabla ya fainali akiwa mzima kiasi. Kwa nafasi ya chini katika orodha ilimbidi awapite vijana wawili bora duniani mmoja baada ya mwingine.

Serena Williams alikutana na jambo hilo kwa sababu nyingine. Alishinda Australian Open ya Melbourne mwaka 2017 akiwa mjamzito wa takriban miezi miwili, akajifungua Septemba, na aliporudi 2018 nafasi yake ilikuwa imeporomoka. Paris ilimwacha bila kutenganishwa na wakubwa. Wimbledon ikampa namba 25 ingawa orodha ya dunia haikumweka hata ndani ya 150, naye akafika fainali. Kanuni za wanawake kuhusu wanaorejea baada ya kujifungua zililegezwa baada ya mwaka huo.

Nadal ndiye aliyelipa zaidi. Mwaka 2022 alitwaa Roland Garros ya 14 huku mguu ukiwa umetiwa ganzi kwa sindano. Mwaka 2023 karibu wote aliukosa kwa jeraha la nyonga lililohitaji upasuaji. Mei 2024 aliingia Paris kwa nafasi iliyohifadhiwa kwa ajili ya majeruhi, ambayo humfungulia mchezaji mlango bila kumtenganisha na mtu yeyote, na raundi ya kwanza droo ilimpa Zverev, namba 4. Alipoteza kwa seti tatu bila. Alirudi kwenye udongo uleule Julai, kwenye Olimpiki, na raundi ya pili akapangwa na Djokovic, aliyefanyiwa upasuaji wa goti chini ya miezi miwili kabla. Djokovic alishinda 6-1, 6-4. Siku sita baadaye, akiwa na miaka 37, alimshinda Alcaraz kwenye uwanja huohuo na kuvaa medali ya dhahabu, taji pekee kubwa alilokuwa hajawahi kulipata.